Uzi maalumu: Kuchagua paneli ya king'ora cha nyumbani inayofikika ukiwa mbali, kwa mazingira ya Kigoma na Tabora

Mleta uzi, Kigoma

Wakuu, habari za wakati huu.

Watu wengi waliojenga huku Kigoma ilhali wanafanya kazi Dodoma, Dar es Salaam au nje ya nchi huniuliza swali moja: wanataka king'ora cha nyumbani wanachoweza kukiwasha, kukizima na kukikagua kwa simu popote walipo, je, wanunue kipi? Mimi ni fundi wa umeme na mifumo ya ulinzi, kazi zangu nyingi ziko Mwanga, Katubuka, Gungu na Mwandiga, na jibu langu ni refu kuliko linavyoweza kuelezwa vizuri kwa simu. Nimeona niliweke hapa ili mafundi wengine walikosoe na wanunuzi walitumie.

Msimamo wangu ni kwamba paneli, yaani sanduku kuu linaloendesha king'ora na vihisi vyake, ichaguliwe kwanza kwa namna inavyofanya kazi wakati mtandao haupo, ndipo tuzungumzie namna ya kuifikia kwa mtandao. Wauzaji wengi huanza upande wa pili. Wanamfungulia mteja programu ya simu, wanamwonyesha picha nzuri ya nyumba yenye vitufe vya kuwasha na kuzima, na mteja analipa bila kuuliza kitakachotokea umeme ukikatika saa nane za usiku wakati ruta, yaani kifaa kinacholeta intaneti nyumbani, nayo imezimika.

Tuanze na umeme. Mkoa wetu uliishi kwa majenereta ya dizeli kwa miaka mingi kabla ya gridi ya Taifa kutufikia, na hata sasa hakuna mwenye nyumba hapa anayeweza kupanga ulinzi wake kana kwamba umeme haukatiki. Paneli za kawaida za waya hutumia transfoma ndogo, na ndani ya sanduku lake hukaa betri ya volti 12 yenye ujazo wa Ah 7 (saa-ampea 7, sawa na saa-miliampea 7,000). Fanya hesabu kabla ya kununua. Tuseme paneli yenyewe inakula mA (miliampea) 100, kipedi cha ukutani cha kubonyezea namba ya siri mA 100, vihisi mwendo vinne mA 60 kwa pamoja, na moduli ya mtandao, yaani kipande kinachoiunganisha paneli na intaneti, mA 90. Jumla ni mA 350, kwa hiyo betri mpya ingechukua saa 20 kwenye karatasi. Betri iliyokaa miaka mitatu juu ya kabati, chini ya bati linalochomwa na jua, haitafika nusu ya hapo, na king'ora kikianza kulia nacho kinavuta umeme mwingi peke yake. Kiwango cha Ulaya cha EN 50131 kinataka mfumo wa daraja la 2, ambalo ndilo la nyumba nyingi, uweze kusimama kwa betri kwa saa 12. Hicho ni kipimo kizuri cha kumwuliza muuzaji, na asiyeweza kukijibu hajui anachokiuza.

Kosa ninalolikuta karibu kila nyumba ni ruta kuachwa nje ya hesabu hiyo. Paneli inabaki hai kwa betri yake, lakini ruta imechomekwa kwenye soketi ya kawaida, kwa hiyo umeme ukikatika mwenye nyumba anapoteza mawasiliano ndani ya sekunde chache, na mwizi anayejua kuteremsha swichi kuu ya nje anapata kimya anachokitaka. Ruta ndogo nyingi hutumia volti 12, na zipo UPS ndogo, yaani betri za akiba, zilizotengenezwa kwa ajili yake. Nunua moja pamoja na paneli, siku hiyohiyo. Swichi kuu iliyo nje nayo iwekewe sanduku lenye kufuli.

Sasa tuje kwenye mtandao wenyewe. Kuna njia mbili za kuifikia paneli ukiwa mbali. Ya kwanza ni wewe kuipigia hodi paneli kutoka nje: ruta inafunguliwa mlango maalumu wa mtandao, wenye namba yake, na yeyote mwenye anwani ya IP ya nyumba yako (namba inayoitambulisha kwenye intaneti) anaweza kufika hadi kwenye paneli. Ya pili ni paneli yenyewe kutoka nje kwenda kwenye seva, yaani kompyuta ya kati iliyo kwenye intaneti, nawe kwa simu yako unakutana nayo hukohuko, bila mlango wowote kufunguliwa nyumbani.

Njia ya kwanza kwa wengi wetu haifanyi kazi kabisa, na watu wanahangaika siku nzima bila kujua sababu. Ruta za laini ya simu mara nyingi hazipewi anwani yao wenyewe ya hadharani. Mtandao wa simu huwakusanya wateja wengi nyuma ya anwani moja. Ingia kwenye ukurasa wa ruta yako uangalie anwani iliyopewa upande wa nje. Ukiona inaanza na 10, au iko kati ya 100.64 na 100.127, basi hakuna mlango utakaoufungua ukafika nyumbani, hata fundi wako awe hodari namna gani.

Na hata pale inapofanya kazi, siipendekezi. Moduli ya IP150 ya kampuni ya Paradox, kwa mfano, hutumia milango ya 80 na 10000, na maelekezo mengi ya mitandaoni yanamwambia mtu aifungue tu kwenye ruta. Mlango uliofunguliwa hivyo haumsubiri mwenye nyumba peke yake. Zipo mashine duniani zinazopita anwani moja baada ya nyingine usiku na mchana zikijaribu nywila za kiwandani. Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai iliteka kamera na ruta nyingi kwa njia hiyohiyo, kwa kuwa wenye vifaa hawakubadilisha nywila walizozikuta. Paneli ya king'ora ikitekwa, mtekaji anajua saa ngapi umewasha ulinzi, yaani saa ngapi nyumba haina mtu.

Kwa hiyo kigezo changu cha pili ni kwamba paneli itoke nje yenyewe, mawasiliano yake yawe yamefungwa kwa usimbaji, yaani yamegeuzwa msimbo ambao mtu mwingine hawezi kuusoma, na, jambo ambalo wanunuzi hawaliulizi, seva itambue pale paneli inaponyamaza. Paneli nzuri hutuma salamu kwa seva kila baada ya muda mfupi, na salamu zikikosekana wewe unapata ujumbe kwamba nyumba haisikiki. Kwenye mfumo wa Ajax, unaotengenezwa na kampuni ya Ukraine, muda huo unaweza kupangwa kuanzia sekunde 10 hadi 300. Mfumo usiokuwa na jambo hili utakuonyesha alama ya kijani kwenye simu wakati nyumbani waya umeshakatwa, na alama hiyo itakudanganya mpaka utakapoifungua tena programu.

Kigezo cha tatu ni njia mbili za mawasiliano: intaneti ya ruta, na laini ya simu ndani ya paneli yenyewe. Laini hiyo iwe ya mtandao unaoshika vizuri pale nyumba ilipo, si ule unaoupenda wewe. Kuna maeneo ya mabondeni kuelekea ziwani ambako mtandao mmoja unashika vizuri sebuleni na mwingine unahitaji utoke barazani. Isajiliwe kwa jina la mwenye nyumba, si la fundi, na iwekewe salio mara kwa mara, kwa sababu laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa. Moduli ya simu iwe ya 4G; msikubali kuuziwa za zamani kwa sababu ya bei.

Kuhusu majina ya paneli, nitasema ninazozifahamu. DSC PowerSeries Neo, ya Canada, inakuja kwa ukubwa wa HS2016, HS2032, HS2064 na HS2128, na tarakimu mbili au tatu za mwisho ndizo idadi ya zoni, yaani sehemu za ulinzi zinazotambuliwa kila moja peke yake, inazoweza kubeba. Kwa nyumba ya vyumba vitatu yenye uzio, HS2032 inatosha na kusaza. Matoleo ya zamani ya DSC, yaani PC1616, PC1832 na PC1864, bado yamo kwenye nyumba nyingi na ni imara. Haya yanaweza kuongezewa moduli ya EnvisaLink, inayounganishwa kwenye nyaya zilezile nne za kipedi, nyekundu, nyeusi, njano na kijani, nayo inatoka nje yenyewe kwenda kwenye seva. Mwenye paneli ya namna hiyo asikubali kuambiwa aing'oe. Ila moduli hiyo ina mlango wa ndani wa 4025 ambao mawasiliano yake hayajasimbwa, kwa hiyo ubaki ndani ya nyumba na usifunguliwe nje hata kidogo. Paradox ya SP6000 inaweza kubeba hadi zoni 32, bei yake ni ya wastani na vipuri vyake mafundi wengi wanavifahamu.

Vile vifurushi vya bei ya chini kabisa vinavyotumia masafa ya 433 MHz na kuendeshwa kwa ujumbe mfupi, sivipendekezi kwa nyumba isiyo na mtu. Vingi hutuma msimbo uleule kila mara, na msimbo usiobadilika unaweza kunaswa hewani na kurudiwa na mtu aliyekaa nje ya uzio.

Karibuni kwa maswali.

Mchangiaji, Ipuli, Tabora

Nashukuru kwa uzi huu, ndugu fundi. Nina maswali mawili. La kwanza, nyumba yangu imeshakamilika, jipsamu imepigwa na rangi imepakwa, je, ni lazima nitandaze nyaya au visivyotumia waya vinatosha? La pili, kihisi cha sebuleni kwangu kinalia mchana wakati hakuna mtu, na fundi aliyekifunga ameshindwa kueleza sababu.

Mleta uzi

Ndugu yangu wa Ipuli, nianze na la pili kwa sababu linahusu fedha uliyokwisha kuitoa.

Kihisi mwendo cha kawaida hakioni mtu. Kinaona badiliko la joto linalohama kutoka kipande kimoja cha eneo lake hadi kingine. Kikielekezwa dirisha linalopigwa na jua la alasiri, pazia jepesi likipeperushwa na upepo wa feni linatosha kukidanganya. Tabora mnajua wenyewe joto la Septemba na Oktoba lilivyo. Lakini kabla ya kukihamisha, kifungue kwanza. Wiki chache zilizopita nilifungua kihisi kimoja cha hapa Mwanga kilichokuwa kikilia bila mpangilio, nikakuta tundu la kupitishia waya nyuma yake liliachwa wazi, na mjusi kafiri mdogo akawa anaingia humo kufuata wadudu. Alikuwa akipita sentimita chache mbele ya jicho la kihisi, na kwa umbali huo mjusi anaonekana mkubwa kama mtu aliye upande wa pili wa sebule. Tuliziba tundu kwa silikoni, na kelele zikaisha siku hiyohiyo. Kama kwako tundu limezibwa, basi hamisha kihisi kikae kwenye kona iliyo upande uleule wa dirisha ili kisilitazame, au nunua kile chenye teknolojia mbili, ambacho hakilii mpaka joto na mawimbi ya maikrowevu vikubaliane.

Kuhusu waya: kwa nyumba iliyokamilika, visivyotumia waya vinafaa, mradi viwe vya mifumo inayowasiliana pande mbili na kusimba ishara zake, kama PowerG ya DSC au ile ya Ajax. Paneli inajua kila kihisi kiko hai na betri yake ikoje. Kwa nyumba inayojengwa, nashauri waya bila kusita, kwa sababu hautaki betri na utakaa kwa muda mrefu kuliko paneli yenyewe. Pitisha mabomba kabla ya plasta.

Na hapa kuna jambo moja la waya ambalo mwenye nyumba anaweza kulikagua kwa macho yake. Kila zoni huwekewa rezista, yaani kipande kidogo chenye ukinzani wa umeme unaojulikana, mwishoni mwa waya, ohmu 5,600 kwa DSC na ohmu 1,000 kwa Paradox. Kazi yake ni kuiwezesha paneli kutofautisha waya mzima, waya uliokatwa, na waya uliounganishwa kwa ujanja ili kihisi kisisikike. Rezista hiyo inatakiwa ikae ndani ya kihisi au kwenye swichi ya sumaku ya mlango, kule mbali. Mafundi wenye haraka huzifunga zote ndani ya sanduku la paneli, na paneli inaridhika kwa sababu inaona ohmu inazozitarajia. Kuanzia hapo, mtu akizigusanisha nyaya mbili popote njiani, au msumari ukizipitia pamoja darini, zoni hiyo itaonekana salama siku zote hata mlango ukifunguliwa. Fungua sanduku. Ukikuta rezista zimejipanga kwenye skrubu za zoni kama nywele za mswaki, mwite fundi arudi azipeleke mahali pake.

Mchangiaji, Ujiji

Mimi naona tungenunua kamera tu zenye intaneti, zinatuma picha na bei yake ni nafuu. Paneli ya nini tena?

Mleta uzi

Mzee wangu, kamera ni ushahidi na ni jicho la kuhakikisha, na nakubali kwamba ukipata taarifa ya king'ora ni vizuri uone picha kabla ya kumwamsha jirani. Lakini kamera nyingi za nyumbani hazina betri, zinalia kwa kila mbwa na kila tawi, na baada ya wiki mbili mwenye simu anazima taarifa zake. Paneli hupiga kelele palepale nyumbani, mtandao uwepo usiwepo, na kelele hiyo ndiyo inayomfukuza mwizi kabla hajafikia televisheni. Anza na paneli, kamera moja au mbili zifuate.

Umenikumbusha jambo lingine muhimu. Huku kwetu si rahisi kupata kampuni ya ulinzi yenye gari la kufika mara king'ora kinapolia kama ilivyo Dar es Salaam. Kwa hiyo taarifa inayofika kwenye simu yako Dodoma haina maana kama hujapanga nani atakwenda. Panga na majirani wawili, siyo mmoja, pamoja na mwenyekiti wa mtaa. Hifadhi namba ya kituo cha polisi kilicho karibu pamoja na ile ya dharura ya 112. Na programu iruhusu watu zaidi ya mmoja kupokea taarifa. Kila anayeingia nyumbani apewe namba yake ya siri: dada wa kazi yake, kijana wa bustani yake, mdogo wako yake. Paneli huandika kila namba iliyotumika na saa yake, na anayeacha kazi anafutwa siku hiyohiyo ukiwa hukohuko uliko. Kwangu mimi hiyo ndiyo faida kubwa zaidi ya kuifikia paneli ukiwa mbali, kubwa kuliko kuwasha na kuzima.

Mchangiaji, Kibirizi, Kigoma

Naunga mkono yote, na naongeza radi. Mimi natengeneza vifaa vya elektroniki, na kila msimu wa mvua unapoanza, kuanzia Novemba, napokea ruta, moduli za mtandao na paneli zilizoungua. Mara nyingi si waya wa umeme ulioleta balaa bali waya mrefu wa kwenda getini au kebo ya mtandao inayopita nje kutoka nyumba kubwa hadi banda la mlinzi. Pia, je, ni vibaya kutumia VPN (njia ya faragha ya kuunganisha simu na nyumba kupitia intaneti) badala ya seva ya mtengenezaji?

Mleta uzi

Mkuu, hapo umegusa kidonda cha mkoa mzima. Radi za huku zinaua vifaa hata zisipopiga nyumba yenyewe. Ushauri wangu ni kuweka kinga ya msukumo wa umeme kwenye bodi kuu, ethi (njia ya kupeleka umeme ardhini) iliyopimwa na siyo nondo iliyochomekwa kwenye udongo mkavu kwa kutimiza wajibu, na kihisi cha getini kiwe kisichotumia waya ili pasiwepo shaba ndefu ya kuvuta msukumo hadi kwenye paneli. Moduli ya mtandao ikiwa imetenganishwa na bodi ya paneli, kama zilivyo EnvisaLink na IP150, ina nafasi ya kuungua peke yake na king'ora kikaendelea kufanya kazi. Pale kila kitu kinapokuwa kwenye bodi moja, pigo moja linaondoa vyote, na kifaa kilichonunuliwa Kariakoo kinatakiwa kirudi zaidi ya kilomita 1,200 kutafuta dhamana.

VPN ni njia nzuri kwa anayeiweza, hasa kwa paneli ya zamani isiyo na seva ya kuaminika. WireGuard, ambayo ni aina mojawapo ya VPN, inafanya kazi kwenye baadhi ya ruta, na kwa sababu ya lile tatizo la anwani za laini za simu, itabidi nyumba ndiyo ianzishe muunganisho kwenda kwenye mashine iliyo nje yenye anwani ya hadharani. Lakini kumbukeni kwamba TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ilitoa tangazo Oktoba 2023 likiwataka wanaotumia VPN wajisajili, kwa hiyo fuateni utaratibu huo kwanza. Kwa mwenye nyumba asiyependa kushughulika na mitambo, seva ya mtengenezaji inatosha, mradi aulize mapema kama huduma hiyo ni ya bure au ya kulipia kila mwaka, na kama king'ora na vihisi vinaendelea kufanya kazi akiacha kulipa.

Mchangiaji, Ipuli, Tabora

Nimefungua kihisi, tundu lilikuwa wazi kweli, nimeziba. Rezista zote zipo ndani ya sanduku, nimeshampigia fundi. Swali la mwisho: akimaliza, nitapimaje kabla ya kumlipa?

Mleta uzi

Pima mfumo mbele yake, kwa mpangilio huu. Washa ulinzi, kisha mwombe mtu atoke nje ya mtaa akiwa na simu yenye programu, akitumia bando lake na siyo intaneti ya nyumbani. Zima swichi kuu. Subiri uone kama ujumbe wa kukatika kwa umeme unamfikia. Zima na UPS ya ruta, ili ibaki laini ya simu ya paneli peke yake, kisha fungua mlango wa nyuma: king'ora kilie, na taarifa imfikie bila ruta. Baada ya hapo toa laini ya simu pia, uhesabu dakika zinazopita mpaka programu ikiri kwamba nyumba haisikiki. Rudisha kila kitu, kisha kwenye kila zoni gusanisha nyaya mbili nje ya sanduku la paneli, uone kama inalalamika. Mwisho, zima tena swichi kuu na uiache hivyo kuanzia jioni hadi asubuhi, ili betri ijieleze yenyewe. Malipo ya mwisho yafanyike asubuhi hiyo, baada ya kubadilisha namba ya fundi ya kiwandani na ile ya 1234 ya mwenye nyumba, na baada ya kuandika tarehe ya betri kwa kalamu isiyofutika ubavuni mwake.